Jina la Mwanachama na Hati Zake: Mahali pa Kupata Msaada Kinondoni na Temeke



Mkaguzi afikapo chamani huletewa kwanza vitabu vya fedha: leja, stakabadhi, hati za malipo na taarifa za benki. Hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini liko daftari moja ambalo aghalabu hulala kabatini mpaka siku ya msiba, nalo ni daftari la wanachama. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jina lililoandikwa humo halina budi kulingana na hati za Serikali, hati hizo hupatikana wapi, na ni nani wa kumsaidia mwanachama asiyejua njia.

Mfano mmoja utatosha. Katika chama kimoja cha akiba na mikopo upande wa Mbagala, mwanachama mmoja muuza samaki alifariki baada ya kuweka akiba kwa miaka kumi na minne. Daftari lilimwandika kwa jina la mtoto wake wa kwanza, yaani Baba Fulani, kwa kuwa ndivyo alivyojulikana sokoni. Kitambulisho chake cha Taifa kilikuwa na majina matatu mengine. Kibali cha mazishi kiliandikwa kwa jina la tatu, maana shemeji aliyekwenda hospitali alitaja lile alilolizoea yeye. Na mahali pa kuandika mteule wa kupokea haki zake, daftari lilikuwa tupu.

Mjane alipofika ofisini, Katibu alimwambia kwamba hawezi kumlipa. Hakukosea, kwani fedha ile ni amana ya marehemu, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyothibitisha kwamba watu wale watatu ni mtu mmoja. Kosa lilifuata baadaye: hakumwambia mama yule aende wapi. Akaangukia mikononi mwa kishoka, aliyemuuzia cheti cha kifo kwa siku mbili. Mahakamani ikaonekana kwamba namba ya cheti kile haimo katika rejista. Mama akapoteza fedha, akapoteza miezi, na nusura ashtakiwe kwa kughushi. Muda wote huo mkopo mdogo wa marehemu haukuweza kufungwa, na wadhamini wake wawili wakabaki na akiba zao zimeshikwa. Shauri lilikwisha baada ya miezi kumi na mmoja. Mtoto wake mkubwa alikuwa amekwisha acha chuo cha ufundi kwa kukosa ada.

Ndugu zangu, hapo hapakuwa na mwizi katika ofisi ya chama. Palikuwa na jina lililoandikwa vibaya, na mtu asiye na wa kumwelekeza.

HATI MOJA HUZAA NYINGINE

Yafaa Katibu aelewe mpango wa hati hizi, ili asimtume mwanachama dirisha la nne kabla hajapita la kwanza.

Mwanzo wa yote ni ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mwenyekiti na Afisa Mtendaji wa Mtaa ndio wanaomjua mkazi, na barua yao ya utambulisho huombwa karibu kila mahali. Mwanachama ahakikishe kwamba barua hiyo imeandikwa majina yake kamili, kama yalivyo katika hati zake nyingine.

Pili ni cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo. Vyote viwili hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Ofisi yake ya wilaya aghalabu huwa pamoja na Ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na maombi yanaweza kupelekwa pia kwa njia ya mtandao. Sheria inataka kizazi kiandikishwe ndani ya miezi mitatu, na kifo ndani ya mwezi mmoja. Aliyechelewa haki yake haipotei, lakini atatakiwa kuleta ushahidi zaidi. Mtu akifia nyumbani, taarifa ianzie kwa Mtendaji, wala isingojewe arobaini ipite.

Tatu ni Kitambulisho cha Taifa, kinachotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) iliyoanzishwa mwaka 2008. Namba yake ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Katibu anaponakili namba hiyo, na azihesabu tarakimu na kulinganisha tarehe, kwani makosa mengi hugunduliwa hapo hapo. Tangu laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa Januari 2020, jina lililo NIDA ndilo pia jina la simu ya mwanachama, na kwa hiyo ndilo jina litakaloonekana apokeapo au alipapo fedha kwa simu. Daftari la chama likiwa na jina jingine, hata mapato ya kila siku hayatalingana.

Baada ya hapo ndipo hufuata namba ya mlipa kodi, pasipoti, akaunti ya benki na mengineyo.

Jambo la mipaka nalo lisisahauliwe. Wilaya za Ubungo na Kigamboni zilipoanza kazi mwaka 2016, ya kwanza ilitoka Kinondoni na ya pili ikatoka Temeke. Mwanachama wa Kibamba anaweza kuwa na karatasi za zamani zinazosema Kinondoni, na yule wa Kibada zinazosema Temeke, ilhali hakuhama. Karatasi hizo si za uongo. Atakapoomba huduma mpya, hata hivyo, aanzie wilaya anayokaa sasa.

LUGHA MBILI

Kiswahili kilifanywa lugha ya shughuli za Serikali mwaka 1967, na Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikisikiliza mashauri kwa Kiswahili. Hata hivyo sheria nyingi ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na Mahakama za juu ziliendelea kutoa hukumu kwa lugha hiyo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo yaliyotamka kwamba lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili. Mabadiliko ya namna hii hayafiki kila dirisha kwa siku moja, na fomu za Kiingereza bado zingalipo katika benki na katika mitandao.

Kwa hiyo mwanachama asitie saini wala dole gumba katika karatasi asiyoielewa. Ana haki ya kuomba maelezo kwa Kiswahili, na mtumishi wa umma hana sababu ya kumnyima. Hati inayohitaji tafsiri rasmi, kwa mfano cheti kilichotolewa nchi ya nje, inaweza kupelekwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ambalo hutoa huduma ya tafsiri. Tafsiri ya jirani aliyesoma hufaa kwa kuelewa, lakini mahakamani au benki haitoshi.

VITUO VYA KUPATIA MSAADA

Vituo vya Huduma Pamoja. Shirika la Posta limefungua vituo ambamo taasisi kadhaa za Serikali huhudumia wananchi chini ya paa moja. Faida yake ni kwamba mwanachama atokaye Bunju au Chamazi hupunguziwa nauli za kwenda ofisi tatu mbalimbali. Kabla ya kumtuma, Katibu aulize ni taasisi zipi zinazohudumu katika kituo kile.

Wasaidizi wa kisheria. Hawa hufanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huwaelekeza wasio na uwezo bila malipo. Maafisa wa Maendeleo ya Jamii wa kata hujua aghalabu wapi wanapatikana. Wanaweza kumsomea mwanachama fomu, kumweleza haki zake, na kumwonyesha mahakama ipasayo.

Kituo Jumuishi cha Mahakama, Temeke. Kituo hiki kilianza mwaka 2021 kwa mashauri ya mirathi na ndoa, na wadau wanaohusika na masuala ya familia wamewekwa humo pamoja na mahakama. Kabla ya kumpeleka mfiwa huko, ulizeni kwanza Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu, mjue shauri lake linapaswa kufunguliwa wapi.

Maduka ya kuchapia. Wengi hujaziwa fomu za mtandao kwenye steshenari za mitaani. Hapana ubaya kumlipa kijana kwa kazi ya kuchapa. Ubaya huingia pale anapopewa ada ya Serikali mkononi, au anapoiandika namba yake ya simu mahali pa namba ya mwombaji, kisha majibu yakaja kwake. Ada ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na taasisi yenyewe, na jina la taasisi hiyo huonekana kabla hujathibitisha malipo. Mtu asemaye, “Nipe mimi, nitalipa baadaye,” ni kishoka, hata akivaa tai.

MTEULE, MRITHI NA MSIMAMIZI

Watu watatu hawa huchanganywa mno, na katika kuchanganywa huko ndimo magomvi mengi huzaliwa.

Mteule ni yule ambaye mwanachama mwenyewe, akiwa hai, amemwandikisha chamani kwa mujibu wa masharti ili apokee haki zake akifa. Mrithi ni yule anayestahili fungu katika mali ya marehemu, kwa wasia au kwa sheria inayohusika, iwe ya kiislamu, ya kimila au ya Serikali. Msimamizi wa mirathi ni yule aliyeteuliwa na mahakama kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki. Msimamizi si lazima awe mrithi, na kuteuliwa kwake hakumfanyi kuwa mwenye mali.

Katika Mahakama ya Mwanzo, maombi ya usimamizi hufanywa kwa Fomu Na. 1. Pamoja nayo huletwa cheti cha kifo na, kwa desturi, muhtasari wa kikao cha ukoo. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akisha teuliwa hutakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, na hesabu ya ugawaji kwa Fomu Na. 6. Chama kikipokea barua ya uteuzi kutoka mahakamani, kiweke nakala yake katika jalada la marehemu kabla ya kulipa chochote.

Penye ubishi kati ya mteule na warithi, Katibu asijifanye hakimu. Fedha zibaki mahali pake mpaka mahakama iseme.

YAPASAYO KUFANYWA NA KILA CHAMA

(a) Kabla ya Mkutano Mkuu ujao, kila mwanachama aitwe kwa zamu alete kitambulisho chake, na jina lake lilinganishwe na daftari herufi kwa herufi. Salum na Salumu, Mohamed na Muhamadi, mbele ya mashine si jina moja.

(b) Penye tofauti, daftari lisifutwe wala kupakwa wino mweupe. Jina la zamani lipigwe mstari mmoja, jipya liandikwe juu yake, na marekebisho yatiwe saini na tarehe. Jambo hilo liandikwe pia katika kumbukumbu za kikao cha Bodi.

(c) Ikiwa hati za mwanachama zenyewe zinapingana, aende akazisawazishe angali hai. Hati ya kiapo, iliyoapwa mbele ya hakimu au wakili ambaye ni Kamishna wa Viapo, inaweza kueleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Taasisi iliyotoa hati ndiyo itakayosema kama kiapo hicho kinatosha, au kama kunatakiwa hati rasmi ya kubadili jina.

(d) Safu ya mteule ijazwe kwa kila mwanachama, pamoja na jina kamili na uhusiano. Iangaliwe upya kila mwaka, maana watu huoa, huachana na hufa.

(e) Ubaoni pa ofisi pabandikwe karatasi moja kwa Kiswahili, yenye kuonyesha ofisi za RITA na NIDA za wilaya, Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu, na mahali wanapopatikana wasaidizi wa kisheria.

(f) Majina yaliyosahihishwa ndiyo yaingizwe katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU). Kosa la daftari likipandishwa katika mfumo halipungui, bali linapata kasi.

(g) Nakala za vitambulisho vya wanachama zifungiwe kabatini. Zikizagaa mezani, mtu mwingine anaweza kuzitumia kukopa kwa jina lisilo lake.

Wako watakaosema kwamba kazi hii si ya Katibu, na kwamba kila mtu ajishughulikie hati zake. Lakini chama cha ushirika kiliundwa kwa ajili ya yale yanayomshinda mtu mmoja. Mwanachama asiyejua kusoma vizuri, aliyeweka shilingi zake kidogo kidogo toka mauzo ya samaki au mchicha, alituamini kwamba akiba ile itawafikia aliowakusudia. Kuandika jina lake sawasawa ni sehemu ya kulinda fedha yake, kama vile kufunga sefu jioni.

Katika ukaguzi ujao, kabla sijaomba leja, nitaomba daftari la wanachama, na nitafungua moja kwa moja kwenye safu ya mteule. Natumaini sitaikuta tupu.