Ushindi haufuti makosa: Kwa nini mashabiki huwajadili wachezaji hata timu inaposhinda

FIRIMBI ya mwisho humaliza mchuano uwanjani, lakini barazani ndiyo huuanza upya.

Timu inaposhindwa, lawama hupata wenyewe mara moja. Atalaumiwa kocha, au kipa, au straika aliyepaisha mpira juu ya mtambaapanya lango likiwa wazi. Linalowashangaza wasiofuatilia kandanda ni kwamba hata timu inaposhinda mashabiki hawatulii. Hubishana hadi usiku wa manane kuhusu nani aliwabeba wenzake, nani alibebwa, na nani hakustahili kuvaa jezi siku hiyo.

Wapo wanaoyaona mabishano hayo kuwa utovu wa shukrani. Huuliza: asiyeridhika na ushindi ataridhika na nini? Aghalabu anayethubutu kutaja makosa ya beki huku wenzake wakiimba jina la mfungaji huambiwa anyamaze, asiwaharibie watu sherehe.

Hata hivyo, historia ya Harambee Stars ina mfano unaoonyesha kwamba huenda anayeuliza maswali baada ya ushindi ndiye anayeitakia timu mema zaidi. Mfano huo ni mechi ya Alhamisi, Juni 27, 2019, jijini Cairo, Misri, Kenya ilipoilaza Tanzania 3-2 katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON).

Yafaa kwanza kukumbuka uzito wa usiku huo. Kenya ilikuwa imerejea katika fainali hizo baada ya miaka 15, kwani mara ya mwisho ilikuwa imeshiriki mwaka wa 2004. Tanzania nayo haikuwa imeonekana huko tangu 1980. Timu zote mbili zilikuwa zimepoteza mechi za kwanza kwa mabao 2-0, Kenya mikononi mwa Algeria na Tanzania mikononi mwa Senegal. Kwa hivyo hapakuwa na majirani tu uwanjani. Palikuwa na timu mbili ambazo kila moja iliiona nyingine kuwa ndiyo ngazi yake ya kuondokea shimoni.

Tanzania ilitangulia. Dakika ya sita kipa Patrick Matasi aliutema mkwaju wa Mbwana Samatta, na Simon Msuva akaumalizia mpira wavuni. Michael Olunga alisawazisha dakika ya 39, lakini hata kabla ya shangwe za Wakenya kutulia, Samatta akairudisha Taifa Stars kifua mbele katika dakika iliyofuata. Johanna Omolo akasawazisha tena dakika ya 62. Dakika ya 80 Olunga akafunga bao lake la pili, na Kenya ikaondoka na alama tatu.

Ni wazi mazungumzo baada ya mechi ya namna hiyo yangeelekea wapi. Olunga, aliyekuwa akisakata soka nchini Japan katika klabu ya Kashiwa Reysol, alikuwa amefunga mabao mawili dhidi ya majirani. Timu ilikuwa imetoka nyuma mara mbili. Katika hali hiyo, nani angependa kuuliza ni kwa nini ilikuwa nyuma mara mbili?

Lakini swali hilo ndilo lililokuwa na thamani kuliko mengine yote. Bao la kwanza lilitokana na mpira uliotemwa ambao hakuna beki aliyewahi kuuondosha. La pili lilifungwa wakati timu ilikuwa bado na furaha ya kusawazisha. Makosa ya aina hiyo hayaondolewi na mabao ya upande wa pili wa uwanja. Huendelea kuwapo, yakisubiri mpinzani mwenye meno makali zaidi.

Mpinzani huyo alifika siku nne baadaye. Mnamo Julai 1, 2019, Kenya ilikabiliana na Senegal. Matasi, yule yule aliyeutema mkwaju wa Samatta, aliokoa penalti ya Sadio Mane katika kipindi cha kwanza, na timu zikaenda mapumzikoni zikiwa hazijafungana. Kipindi cha pili ukuta uliporomoka. Ismaila Sarr alifunga moja na Mane akaongeza mawili, na mechi ikaisha 3-0.

Hapo ndipo hesabu za mabao zilipoingia. Fainali hizo zilikuwa za kwanza kushirikisha timu 24, na kanuni ziliruhusu timu nne bora kati ya zilizomaliza nafasi ya tatu katika makundi sita ziingie hatua ya 16-bora. Kenya ilimaliza ya tatu ikiwa na alama tatu. Benin, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Afrika Kusini nazo zilimaliza za tatu na alama tatu tatu, na zote zikasonga mbele. Kenya pekee kati ya hizo nne ndiyo iliyofunganya virago.

Afrika Kusini ilikuwa imefunga bao moja tu katika mechi tatu. Kenya ilikuwa imefunga matatu. Lakini Afrika Kusini ilifungwa mawili, ilhali Kenya ilifungwa saba. Tofauti ya mabao ya Afrika Kusini ilikuwa moja pungufu, na ya Kenya manne pungufu. Baada ya hapo Afrika Kusini iliwaondoa wenyeji Misri katika hatua ya 16-bora kwa bao 1-0.

Kwa maneno mengine, lau Kenya ingefungwa mabao manne badala ya saba katika mechi hizo tatu, ingelingana na Afrika Kusini kwa tofauti ya mabao na kuipiku kwa wingi wa mabao ya kufunga. Mawili kati ya hayo saba yalipatikana katika mechi ambayo taifa zima lilikuwa likiisherehekea. Usipoziba ufa, walisema wahenga, utajenga ukuta. Na ufa wa usiku ule ulifunikwa na mabao ya Olunga.

Si haki kusema kwamba makosa hayo ndiyo pekee yaliyoiondoa Kenya. Kundi lake lilikuwa na Algeria na Senegal, timu mbili ambazo baadaye zilikutana katika fainali na Algeria ikatwaa kombe kwa bao 1-0. Kushindwa na miamba hiyo si aibu. Lakini katika mashindano ambapo bao moja la kufungwa lina uzito sawa na la kufunga, beki anastahili kujadiliwa kwa makini yale yale anayojadiliwa straika, hasa siku ambayo timu imeshinda.

Mbona basi mashabiki hupata ugumu kufanya hivyo?

Sababu ya kwanza ni jicho. Mtazamaji, awe uwanjani au mbele ya runinga, huufuata mpira. Kazi kubwa ya beki na ya kiungo mkabaji hufanyika mahali ambapo mpira haupo: kusimama pale ambapo pasi ingepitia, kumfunga mpinzani njia asiweze kugeuka, kumwita mwenzake arudi nyuma. Kazi hiyo ikifanywa vyema, hakuna kinachoonekana kutokea. Mpinzani hupiga pasi ya nyuma tu, na mtazamaji akasahau.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Matukio yanayorudiwa kwenye runinga ni mabao, na bao la mwisho ndilo hukaa akilini zaidi. Mchezaji anaweza kupoteza mipira kwa dakika 80, kisha akafunga moja na kuitwa shujaa. Mwenzake akaweza kufanya kila kitu sawa kwa dakika 89, akateleza mara moja na jina lake likawa tusi.

Upendeleo huu haupo kwa mashabiki wa kawaida pekee. Tuzo ya Ballon d'Or, iliyoanzishwa na jarida la Ufaransa la France Football mwaka wa 1956, imetwaliwa na kipa mmoja tu upande wa wanaume, Lev Yashin wa Muungano wa Kisovieti, mwaka wa 1963. Beki wa mwisho kuishinda ni Fabio Cannavaro wa Italia mwaka wa 2006, baada ya kuiongoza nchi yake kutwaa Kombe la Dunia. Ikiwa wataalamu wenyewe huvutwa na mabao, sembuse shabiki aliyekaa kibandani na kikombe cha chai?

Sababu ya tatu ni mapenzi ya klabu. Mwanachama wa Gor Mahia humwona mchezaji wa Gor kwa jicho la upole, na wa AFC Leopards vivyo hivyo kwa wake. Timu ya taifa inapocheza, mapenzi hayo hayaachwi nyumbani. Mjadala unaodaiwa kuwa juu ya kiwango cha mchezaji huwa, kwa kweli, juu ya jezi anayovaa wikendi.

Kwa hivyo mjadala wa haki unahitaji vipimo, na vipimo hivyo si vigumu.

Kwanza, mchezaji apimwe kwa kazi aliyopewa. Straika hupimwa kwa mabao, lakini pia kwa mabeki anaowavuta ili kuwafungulia wenzake nafasi. Kiungo mkabaji hupimwa kwa mashambulizi yaliyokufa kabla ya kuzaliwa. Kipa hupimwa kwa mikwaju aliyodaka, na pia kwa mahali anapoupeleka mpira asioweza kuudaka. Kuutema mbele ya lango si sawa na kuusukuma pembeni.

Pili, uamuzi utenganishwe na matokeo. Pasi nzuri inaweza kupotezwa na anayeipokea, na mkwaju mbovu unaweza kumgonga beki ukaingia wavuni. Anayehukumu kwa matokeo pekee atamsifu wa pili na kumlaumu wa kwanza.

Tatu, mpinzani azingatiwe. Beki aliyepitwa mara mbili na Mane hajacheza sawa na aliyepitwa mara mbili na mchezaji wa kawaida.

Vipimo hivi vilipata nafasi nzuri ya kutumika Agosti 2025, Kenya ilipoandaa kwa pamoja na Uganda na Tanzania fainali za CHAN, mashindano ya wanasoka wanaocheza katika ligi za nchi zao. Agosti 10, ugani Kasarani, Harambee Stars ya kocha Benni McCarthy iliishinda Morocco 1-0. Ryan Ogam alifunga kabla ya mapumziko. Kisha Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu, na Kenya ikalazimika kucheza kipindi chote cha pili ikiwa na wachezaji 10 dhidi ya timu ambayo baadaye ilitwaa kombe hilo.

Nani alikuwa mchezaji bora siku hiyo? Jibu jepesi ni Ogam, na haliwezi kuitwa kosa, kwa kuwa bila bao lake hapangekuwa na ushindi wa kulindwa. Lakini bao lilichukua nukta chache, na kulilinda kulichukua kipindi kizima. Shabiki aliyesema sifa ziende kwa mabeki na kipa hakuwa akimpokonya Ogam chochote. Alikuwa akihesabu kazi yote iliyofanywa.

Timu hiyo ilimaliza kileleni mwa kundi lake kwa alama 10, ikiwa imefungwa bao moja tu katika mechi nne. Ikilinganishwa na ile ya 2019 iliyofungwa saba katika mechi tatu, ukuta ulikuwa umejengwa. Ila ushindi wake wote watatu, dhidi ya Congo, Morocco na Zambia, ulikuwa wa 1-0, na sare yake na Angola ilikuwa ya 1-1. Aliyeyatazama matokeo hayo kwa utulivu angeuliza swali lililo kinyume na la 2019: mabao mengine yatatoka wapi siku tutakayofungwa? Swali hilo lilijibiwa Agosti 22 katika robo fainali, Kenya ilipotoka sare ya 1-1 na Madagascar na kubanduliwa kwa mikwaju ya penalti.

Hata hivyo, kuna mpaka ambao mjadala haufai kuuvuka. Kusema kwamba beki alichelewa kurudi ni uchambuzi. Kumtukana mamake, kabila lake au kijiji alikotoka ni ufidhuli, na hakumfundishi yeyote namna ya kuzuia krosi. Isitoshe, mchezaji anayejua kwamba kosa moja litamfanya awe kichekesho cha nchi nzima huanza kuukwepa mpira, na timu ndiyo inayoumia.

Mnamo Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilitunukiwa uenyeji wa AFCON ya 2027. Mashabiki wa mataifa hayo matatu hawatakosa usiku wa kushangilia, na wana haki ya kushangilia hadi koo zikauke. Lakini shangwe zikishapoa, na mmoja wao akauliza ni kwa nini yule beki wa kushoto aliachwa nyuma mara tatu, asinyamazishwe. Mwaka 2019 Kenya ilihitaji kufungwa mabao matatu pungufu ili ibaki Misri.