Talaka na Gharama za Nyumba: Bili Hazisubiri Hukumu (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Leo turudi nyumbani, maana kesi huahirishwa lakini bili ya maji haiahirishwi.

Tuanze na nyumba yenyewe. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kupangisha, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo, hata kama hati ina jina lake peke yake. Mwenye wasiwasi anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Awahi, kabla dalali hajaleta mteja.

Kwa wapangaji, mwenye nyumba anamtambua aliyesaini mkataba. Kodi ya miezi sita ikikaribia kwisha, anayebaki ndani aombe mkataba mpya kwa jina lake.

Anayenunua LUKU naye halipii taa tu. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo. Mke aliyebaki na watoto katika nyumba ya mumewe anailipa kila mwezi, pengine bila kujua. Anunue kwa laini yake mwenyewe, si ya jirani, na ujumbe wa malipo asiufute.

Anayeshindwa kulipa asinyamaze. Kifungu cha 115 kinairuhusu mahakama kumwamuru mume atoe matunzo ya mke kesi ikiwa bado inaendelea, na cha 129 kinamtaka baba awatunze watoto, awe anaishi nao au la.

Wakati wa kugawana mali, kifungu cha 114 hutazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Hata hivyo Bi Hawa hakuambulia mgawo, kwa kuwa ilionekana fedha alizopewa na mumewe alizitapanya. Wengi hutaja nusu ya kwanza ya hukumu hiyo, ya pili wakaisahau.

Basi msomaji, tafuta bahasha moja leo. Tia humo mkataba wa pango, bili za maji na daftari la LUKU lenye tarehe na kiasi. Hakimu atakuuliza ulilipa nini, na lini.