Je, Wajua? Kijiti, Gunzi na Mpira wa Soksi

Je, wajua kwamba kijiti, hiki hiki cha kuokota njiani, kina nafasi yake katika jumba la makumbusho? Jumba la Strong, mjini Rochester nchini Marekani, huchagua kila mwaka vitu vya kuchezea vinavyostahili heshima ya kudumu. Boksi tupu liliingia mwaka 2005, kijiti 2008, mpira 2009, blanketi 2011, mchanga 2021. Hebu mzazi wa Kasulu, mkoani Kigoma, aangalie uani kwake ni kipi kati ya hivyo amekikosa. Labda blanketi la ziada tu, maana baridi ya Juni kule juu haina utani.

Je, wajua kwamba mtoto mwenye vitu vichache hucheza vizuri zaidi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwaangalia watoto wadogo 36, mara wakiwa na vitu 4 vya kuchezea, mara wakiwa na 16. Utafiti huo uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba penye vitu 4 kila mtoto alikaa na kimoja kwa muda mrefu zaidi na kukibunia matumizi mengi zaidi. Penye 16 alirukaruka tu. Kwa hiyo kama vitu vimejaa kapu, ficha nusu. Virudishe baada ya wiki mbili, atavipokea kama vimetoka dukani.

Je, wajua kwamba katazo la mifuko ya plastiki liligusa hata soka? Kuanzia tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyozoea kuiita rambo. Mazingira yalishukuru. Wachezaji wa chandimu nao walipoteza malighafi, kwa sababu rambo ndizo zilizokuwa tumbo la mpira: unazikunjakunja, unazifunga kwa kamba, unavuta soksi juu yake. Nyanda za juu za Kigoma hazikukwama kwa hilo. Migomba ipo kila boma, na majani yake makavu yakisokotwa na kubanwa kwa kamba ya mgomba huohuo hutoa mpira mwepesi, usioumiza mguu wa mtoto wa miaka mitano. Matambara ya fundi cherehani nayo yanafaa; mwombe tu, mengi huyatupa. Mpira wa matambara ukilowa huwa mzito kama jiwe, basi uanikwe kabla haujarudi uwanjani.

Na je, wajua kwamba shirika moja la kimataifa la michezo lilizaliwa kutokana na mikono ya shati? Mwaka 1993 mwanamichezo wa Norway, Johann Olav Koss, bingwa wa mbio za kuteleza kwenye barafu, alizuru Eritrea iliyokuwa imetoka vitani. Akawakuta wavulana wakimzunguka mwenzao mmoja kwa furaha. Alipouliza kwa nini anapendwa vile, jibu lilikuwa kwamba shati lake lina mikono mirefu: likivuliwa na kufungwa kwa mikono yake linakuwa mpira. Mwaka uliofuata Koss alishinda medali tatu za dhahabu kwenye Olimpiki ya Lillehammer, akachangia fedha za ushindi na kuwahimiza wengine wachange. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa shirika la Right To Play, ambalo limefanya kazi Tanzania pia.

Je, wajua kwamba binadamu si peke yake mwenye mwanasesere? Mwaka 2010 watafiti Sonya Kahlenberg na Richard Wrangham walitoa taarifa ya miaka 14 ya kuwatazama sokwe wa Kanyawara, katika msitu wa Kibale nchini Uganda. Sokwe wadogo hubeba vijiti kama mama abebavyo mtoto, hadi ndani ya viota vyao vya kulalia, na majike hufanya hivyo zaidi kuliko madume. Wakishazaa, huacha.

Sokwe wanatuleta nyumbani Kigoma. Jane Goodall, aliyefika Gombe tarehe 14 Julai 1960 na kuufanya mkoa huu ujulikane dunia nzima, alipewa na baba yake sokwe wa kitambaa alipokuwa bado mtoto mdogo, mwaka 1935. Akamwita Jubilee. Marafiki wa familia waliogopa kwamba mdoli wa namna ile ungemtia mtoto ndoto za kutisha. Yeye akakaa naye maisha yake yote. Sisemi kila mtoto anayepewa punda wa udongo atakuwa daktari wa mifugo, ila wale marafiki walikosea kwa mbali.

Mwanasesere wa hapa kwetu ni wa bei gani? Gunzi moja la mahindi, kipande cha kitenge, na nywele za mahindi yaleyale. Ukimnyima macho, mtoto atamchorea mwenyewe kwa mkaa, na hapo mchezo umeshaanza.

Je, wajua kwamba vitu vya kuchezea vya namna hiyo vimeshapimwa kisayansi? Katikati ya miaka ya 1980, mjini Kingston, Jamaika, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Kwa baadhi yao mhudumu wa afya alikwenda nyumbani kila wiki, kwa miaka miwili, akiwa na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa chupa, maboksi na mabaki ya nyumbani. Hakucheza na mtoto huku mama akiangalia tu. Alimwonyesha mama jinsi ya kucheza naye, akaviacha vitu vile hadi wiki inayofuata na kuvibadilisha. Miaka 20 baadaye watoto hao, sasa watu wazima, walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2014. Hapa ndipo ninapogombana na wanaodhani kazi imeisha wakishanunua mdoli mnadani. Chupa za Jamaika zilikuwa takataka kama chupa nyingine. Mwenye thamani alikuwa mama aliyeketi sakafuni na kuzungumza na mwanawe.

Je, wajua kwamba kitu kinachoimba chenyewe humnyamazisha mzazi? Utafiti wa Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona ulionyesha kwamba wazazi na watoto wachanga wakipewa vitu vya betri vyenye taa na sauti, wazazi husema maneno machache kuliko wakipewa vitabu vya picha au vitu vya kawaida vya kupanga. Betri zenyewe ni kisa kingine. Ile ndogo ya duara, kama ya saa, ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Kama kifuniko cha betri hakina skrubu, usinunue.

Je, wajua kwamba hatari ya nyumbani Kibondo inaweza kuwa harage? Nyanda hizi ni nchi ya maharage, na hakuna kitu kizuri kwa kufundishia hesabu kuliko kiganja cha maharage ya rangirangi. Lakini mtoto wa miaka miwili hupenda kujua kama harage linaenea puani. Linaenea. Likishapata unyevu linavimba, na lililoingia kwa urahisi halitoki kwa urahisi. Usichokoe kwa pini wala kijiti, utalisukuma ndani, nenda zahanati. Chini ya miaka mitatu, kipimo ni hiki: kitu chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni mwake si cha kuchezea, iwe gololi, kifuniko cha soda au kokoto. Wape maharage wenye miaka minne na kuendelea, tena mtu mzima akiwa karibu. Mbegu za nyonyo, zile zenye madoadoa ya kupendeza, zisiguswe na umri wowote. Zina sumu kali.

Je, wajua kwamba kuna sanduku la michezo la watoto 50? UNICEF hulituma penye dharura kwa ajili ya watoto wa hadi miaka sita. Ndani mna matofali madogo ya kujengea, domino, shanga za kutunga, vikaragosi, picha za kuunganisha. Mkoa huu una sababu ya kuvijua vitu hivyo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka ilipita watu 150,000, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena. Zaidi ya nusu ya wakimbizi hao walikuwa watoto. Kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana, mtoto wa kijiji na mtoto wa kambi wakikutana kwenye mpira hawahitaji mkalimani, labda refa.

Sanduku hilo nalo linaigika. Matofali: omba vipande vya mbao kwa seremala, vipigwe msasa hadi visichome. Vikaragosi: soksi iliyobaki peke yake. Picha za kuunganisha: kata picha ya kalenda ya mwaka jana vipande sita, ibandike kwanza kwenye boksi kwa uji wa ngano. Shanga: vipande vya bua la mtama, kamba, na subira.

Je, wajua kwamba BRAC wameshalifanya hili kwa mpango? Shirika hilo lililoanzia Bangladesh liliendesha vituo vya kuchezea vya watoto wadogo kule Bangladesh, Uganda na Tanzania, na vifaa vingi vilitengenezwa na wazazi wenyewe kwa vitu vya mazingira yao.

Je, wajua kwamba mdako umechorwa Ulaya karibu karne tano zilizopita? Mchoraji Pieter Bruegel, katika picha yake ya mwaka 1560 iliyoko Vienna, aliwaweka watoto zaidi ya 200 wakicheza michezo zaidi ya 80. Humo wamo wasichana wanaorusha na kudaka vifupa, na watoto wanaokimbiza maringi. Ukiiangalia unaona barazani kwetu, tofauti ni kofia.

Mdako una kazi nyingi kuliko unavyoonekana. Kishimo kidogo, vijiwe kumi, kimoja kinarushwa juu na vingine vinafagiliwa nje kabla hakijatua, kisha vinarudishwa kwa idadi. Mtoto anahesabu, anakadiria, anatumia macho na vidole kwa pamoja. Rede nayo: mmoja katikati anajaza chupa mchanga huku akiukwepa mpira unaotoka pande mbili. Anayeweza kufanya hivyo bila kumwaga hatashindwa na foleni ya kisima.

Na bao? Mashimo 32, kete 64, na ukumbi ni ardhi yoyote. Wachanga waanze na safu mbili tu.

Je, wajua kwamba mpira unaweza kuonekana kwa masikio? Mwaka 1946 ulibuniwa mchezo wa goli kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, na mpira wake una kengele ndani. Kasulu wanaweza kuuelewa haraka: shule ya Kabanga imekuwa kimbilio la watoto wenye ualbino, na wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Funga karatasi ya nailoni inayopiga kelele juu ya mpira wa matambara, au tia kokoto kwenye kopo lililozibwa vizuri. Mchezo uwe asubuhi na mapema au baada ya saa kumi jioni, kofia pana kichwani, na uwanja uwe upande wa kivuli. Wenye macho makali wafungwe vitambaa ili mechi iwe ya haki. Utashangaa nani anashinda.

Je, wajua kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji kujongea angalau dakika 180 kwa siku? Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza mwaka 2019, na aliye chini ya mwaka mmoja asikae kabisa mbele ya simu wala runinga. Saa tatu si tatizo wakati wa kiangazi. Tatizo ni masika, mvua zinazoanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, mama yuko shambani na mlango umefungwa. Kwa siku hizo panga mapema. Boksi kubwa ni basi la Kigoma mjini, abiria ni magunzi, kondakta ni aliyelia zaidi asubuhi. Udongo wa mfinyanzi uchotwe mvua ikitulia, ukae kwenye kopo lenye kifuniko. Usiku, taa ikimulika ukutani, vidole vinatoa sungura na mbwa. Mtoto mkubwa apewe cheo cha kuongoza, si kazi ya kulea tu.

Je, wajua kwamba ukimnyima mtoto mchezo umevunja sheria? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inaweka kucheza na kupumzika katika haki anazopaswa kupewa na mzazi, sambamba na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Umoja wa Mataifa nao umetenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2024, siku tano tu kabla ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Wiki hiyo maharage mengi yameshavunwa. Wenyeviti wa vitongoji, hamna kisingizio.

Je, wajua kwamba ringi la baiskeli lilikuwa salama zaidi zama za vumbi? Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kama kilomita 260, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wakulima wanaifurahia, na wana haki. Lakini lori lililokuwa likisota kwenye matope sasa linapita kijijini kwa kasi, na lami ndiyo sehemu tamu kuliko zote ya kukimbizia ringi. Wahamisheni watoto kabla ya ajali. Uwanja wa shule Jumamosi huwa wazi: chora mstari wa kuanzia kwa majivu, panga mawe manane ya kuzungukia, toa vijiti viwili kwa kila timu, na ringi likianguka mwenyewe anarudi mwanzo.