Pini ya Plau Iliyobaki Laini

Likizo iliyopita pini ya gurudumu la plau letu, kwetu Tarime, ilikuwa imelika, na mvua zi karibu. Mhunzi jirani akafua nyingine kwa chuma laini, akaichoma hata ikawa nyekundu, akaitia majini. Naliijaribu kwa tupa, tupa ikaila kama mti! Maji hayakuwa na kosa. Chuma laini kina kaboni kidogo mno, na pasipo kaboni ya kutosha hakikazi hata kikipozwa ghafla.

Basi tuliifukia katika unga wa makaa ndani ya kipande cha bomba, tukaziba ncha zote mbili kwa udongo, tukavukuta kwa zamu muda wa saa nne. Penye joto la digrii 900 hivi, hewa itokayo katika makaa hupenyeza kaboni katika ngozi ya chuma, kadiri ya milimita moja tu. Kiini hubaki laini, nacho ndicho kistahimilicho kishindo cha mawe.

Tulipoitia majini tena, tupa iliteleza, ila ncha moja ikauma. Kumbe udongo wa upande ule ulipasuka, hewa ya nje ikaingia ikaiunguza kaboni. Tukarudia, safari hii udongo tumeuchanganya na mchanga usipasuke. Kesho yake ng'ombe walifungwa nira.