Kutaja Kumi Si Kujua Kumi

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kutaja nambari moja hadi kumi bila kukosea, kisha ukimwomba akupe mbegu tano, akachota konzi nzima na kukukabidhi. Si utundu wala uzito wa kichwa. Amekariri mfuatano wa maneno, lakini hajajua kwamba kila neno lina idadi yake. Mzazi anayetaka kumpakulia mwanawe programu ya hesabu kwenye simu, awe Kisumu mjini au Mbita, aanzie hapa.

Mwaka 1978 Rochel Gelman na C. R. Gallistel, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza kanuni za kuhesabu. Kila kitu hupewa nambari moja tu. Nambari hufuatana vile vile kila mara. Na nambari ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vitu vyote. Kanuni hii ya tatu huchelewa kueleweka, na bila hiyo kujumlisha na kutoa hakuna msingi.

Programu nyingi huishia kwenye nyimbo na picha zinazorukaruka. Mtoto hubonyeza, nyota hutokea, naye hajahesabu chochote. Programu nzuri humtaka aingize ngege wanne kapuni mmoja mmoja, hutaja nambari kila mmoja anapoingia, na akikosea humwonyesha alipokosea.

Wanasaikolojia Robert Siegler na Geetha Ramani walionyesha uzito wa nambari zenyewe katika utafiti wa mchezo wa ubao, si wa simu, waliouchapisha mwaka 2008. Watoto wa chekechea wa familia za kipato cha chini nchini Marekani walisogeza kete kwenye miraba kumi, kwa jumla ya takriban saa moja. Wenye miraba ya nambari waliimarika katika hesabu. Wenye miraba ya rangi tupu hawakusonga. Wote walicheza, ila nambari ndizo zilizofundisha.

Lugha nayo ina uzito. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, karibu watoto 3,000 wa vijiji vya mkoa wa Tanga, Tanzania, walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kwenye vishikwambi. Mei 2019 ushindi uligawanywa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion. Kwetu Kisumu, watoto wengi huongea Kidholuo nyumbani huku programu ikiwasemesha Kiingereza. Kaa kando ya mtoto, utaje nambari zile zile kwa lugha anayoielewa.

Muda nao uwe na mpaka. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Muda unaobaki una walimu wengine. Katika ajua, mchezo wa wazee wetu, mchezaji hudondosha mbegu moja katika kila shimo, na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kuhesabu. Sokoni Kibuye, mwachie mtoto ahesabu nyanya zinapoingia kikapuni.

Kabla hujaisifu programu yoyote, zima simu umwambie mtoto akuletee vitu saba. Akileta saba, endeleeni nayo. Akileta konzi, usimkaripie: hesabuni pamoja vitu vya kushikwa mkononi, na umtafutie programu nyingine.