Behewa la sentimita 73

Nianze kwa kukiri kosa. Baba yangu mzazi alipohamia kwangu baada ya mama kufariki dunia, Allah amrehemu, alikuja na begi moja la nguo, msahafu wa maandishi makubwa na sanduku la mninga. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na randa nne, patasi, misumeno miwili, keekee ya mkono, tupa na jiriwa ndogo, vyombo alivyovitumia kwa zaidi ya miaka 30 katika karakana ya mabehewa ya reli. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na watu saba. Sanduku likakaa sebuleni, watoto wakawa wanajikwaa nalo usiku na mchana. Siku moja, Baba akiwa msikitini kwa sala ya Alasiri, nilimwita mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni, nikamwachia vyote kwa bei ambayo naona haya kuitaja. Niliamini kwamba mzee wa miaka 71, mwenye ukungu katika jicho la kushoto, hana tena haja ya patasi.

Aliporudi alitazama mahali lilipokuwa sanduku. Akauliza kama maji ya udhu yapo, kisha akaingia chumbani kwake. Hakulitaja tena.

Kimya hicho kilidumu miezi minane. Tuliamkiana, tulikula pamoja, nilimnunulia dawa zake kwa wakati, lakini mazungumzo hayakuvuka hali ya hewa. Nami ni katibu wa kamati ya msikiti, mtu ambaye huitwa kupatanisha wanandoa na ndugu waliogombea mashamba. Katika miezi hiyo hiyo niliandaa darsa mbili juu ya haki za wazazi. Wallahi, nilikuwa nikizisoma karatasi zangu huku sauti ikinikwama.

Aliyelivunja jambo hili ni mwanangu wa miaka 11. Jioni moja alimuuliza babu yake alikuwa akifanya kazi gani huko reli. Baba akamjibu, "Nilikuwa nawatengenezea watu mahali pa kulala." Akamweleza habari za vyumba vya daraja la kwanza, vitanda vinavyokunjwa ukutani, na vishikio vya milango ambavyo havikuruhusiwa kupiga kelele usiku. Mtoto akamwambia, "Basi Babu, tutengeneze moja." Baba alinitazama mimi, si yeye. Nikajibu upesi kwamba nitatafuta mchoro.

Shemeji yangu anaishi Birmingham, Uingereza, na alipolisikia ombi langu alinitumia michoro ya behewa la kulala la aina iitwayo Lx, la mwaka 1929. Baadhi ya mabehewa hayo yaliundwa katika mji huo huo anaoishi, na mengine Aytré, karibu na La Rochelle, Ufaransa. Yalikuwa mali ya kampuni ya Wagons-Lits iliyoasisiwa na Mbelgiji Georges Nagelmackers, ambayo treni yake mashuhuri, Orient Express, ilitoka Paris kwa mara ya kwanza tarehe 4 Oktoba 1883. Abiria wa mwanzo walilazimika kumalizia safari kwa meli; ni mwaka 1889 ndipo reli ilipofika Istanbul moja kwa moja. Wakati wa mabehewa ya Lx, safari hiyo ilipita Milan, Venice, Belgrade na Sofia hadi stesheni ya Sirkeci, chini ya minara ya misikiti ya Istanbul. Aliyetaka kuendelea Sham au Iraki alivuka mlango wa bahari hadi Haydarpaşa, na kuanzia mwaka 1930 akapanda treni nyingine ya kampuni hiyo hiyo, Taurus Express.

Jambo moja lilimsikitisha Baba. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 mabehewa hayo yalikuwa ya mbao za msaji zilizopakwa vanishi. Kuanzia 1922 yakaanza kuundwa kwa chuma na kupakwa rangi ya buluu iliyokolea. Mbao zikabaki ndani tu, ingawa ndani humo zilitukuzwa mno: kuta za Lx zilivikwa mahogani yenye maua yaliyopachikwa, kazi ya msanifu René Prou. Baba alisema sisi hatuna chuma, kwa hiyo letu litakuwa mbao nje na ndani.

Ulaya huuzwa maboksi yenye vipande vyote vya behewa kama hili, vimekwisha kukatwa, mnunuzi akabaki na kazi ya kuunganisha. Hatukuagiza. Kwanza kwa sababu ya gharama, na pili Baba alisema kuunganisha vipande vilivyokatwa na mwingine ni kazi ya kushona vifungo.

Nilipata swali kutoka kwa mjumbe mmoja wa kamati, kwa nia njema, kama hili halimo katika makatazo ya kuunda sanamu. Nilimjibu kwamba makatazo yanahusu vyenye roho, na katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mtengeneza picha mmoja kwenye miti na visivyo na roho. Kwa hiyo maua ya Prou tuliyakubali, na vijisanamu vya abiria ambavyo wajenzi wengi huviweka dirishani tuliviacha. La israfu na kupoteza muda lilinigusa zaidi. Tulikubaliana kufanya kazi Jumamosi na Jumapili tu, baina ya Alasiri na Magharibi, na kusimama kabisa mwezi wa Ramadhani.

Lakini tungeanza kwa vyombo gani? Nilimtafuta yule mnunuzi wa vyuma. Vingi alikwisha kuviuza, na hakumbuki kwa nani. Nilizunguka kwa mafundi wa sokoni wiki tatu, hata nikakuta randa moja ndogo mezani kwa seremala wa vitanda, ina alama ya herufi mbili za jina la baba yangu kwenye ubavu. Niliinunua kwa mara nne ya bei niliyouzia sanduku zima. Nilipomkabidhi, Baba aliigeuza juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye ulimi wake, akasema, "Wameiachia kutu." Siku hiyo alinoa hadi adhana ya Magharibi. Vyombo vingine tuliazima.

Kipimo tulichochagua ni 1 kwa 32. Behewa halisi lina urefu wa mita 23.45, hivyo letu likawa na sentimita 73 na ushei. Upana wa reli ya huko ni milimita 1,435, sawa na reli yetu mpya ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na katika kipimo chetu ukawa karibu milimita 45. Reli ya zamani ya kati, ambayo Baba aliihudumia, ina upana wa milimita 1,000, yaani 31 tu. Mwanangu aliipiga hesabu hii mwenyewe, akashangaa kwamba babu yake alijenga vyumba vya kulala juu ya njia nyembamba kiasi hicho.

Tatizo la kipimo hiki ni unene. Ubao wa milimita 25 unakuwa chini ya milimita moja, na plaiwudi ya namna hiyo haipatikani mjini kwetu. Hapa ndipo nilipomwona baba yangu kwa jicho jipya. Alifunga kipande cha mkangazi, ndugu wa mahogani ya Amerika, akakipiga randa kwa mkono mmoja mrefu, na maranda yaliyotoka, mapana na membamba kama karatasi, hakuyatupa. Aliyalowesha, akayakandamiza katikati ya vioo viwili yakauke bila kujikunja, kisha akayabandika juu ya kadi ngumu kwa gundi nyeupe. Hizo ndizo zikawa kuta za vyumba. Miaka yote nimeyaona maranda yakifagiwa.

Paa ndilo lililotuchukua muda mrefu. Ni la mviringo na linainama pia kwenye ncha zote mbili. Tuliweka mbavu za mbao, tukazivika vipande vyembamba vya upana wa milimita 5 vilivyolowekwa maji ya moto, kila kimoja kikashikwa kwa vibanio vya kuanikia nguo hadi kikauke. Likipinduliwa unadhani ni jahazi. Vipande vingi vilivunjika, hasa mikononi mwangu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye vyumba. Behewa la Lx lina vyumba kumi upande mmoja na ujia upande wa pili, na kila chumba kina kitanda, dirisha na kabati la beseni pembeni. Nilijitolea kupima, kwa kuwa nilikuwa na alama nzuri za hesabu chuoni. Niligawa urefu kwa kumi, nikakata, tukaanza kugundisha. Tulipofika chumba cha nane nikaona nafasi haitoshi. Nilikuwa nimesahau unene wa kuta: kuta kumi na moja, kila moja milimita 2, jumla milimita 22 ambazo sikuzitengea mahali. Baba alikuwa ameketi karibu wiki mbili zote akinitazama.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilidhani ungeniuliza."

Sikuwa na jibu. Mtoto alikuwa amekwenda kununua msasa, tulikuwa wawili tu. Hapo nilimwomba radhi kwa lile sanduku. Niliyasema yote, bei na mkokoteni na jinsi nilivyochagua saa ambayo hayupo. Alinisikiliza huku akibandua ukuta wa chumba cha nane kwa ncha ya kisu. Mwisho akasema, "Nilikwisha kukusamehe zamani, mwanangu. Lakini ile keekee niliipenda." Kisha akanipa kisu nibandue vilivyobaki.

Tangu siku hiyo kazi ilikwenda kwa namna nyingine. Alianza kunisahihisha kwa sauti, mara nyingi kwa ukali, na nikaona ukali huo ni neema. Maua ya kupachika tuliyakata kutoka kwenye ubao mweupe wa mchungwa ulioanguka uani, na mwanangu akayaweka kwa kile kikoleo dada yake anachong'olea miba. Nilipendekeza tuyaweke katika vyumba viwili vya mbele tu, kwani paa likifunikwa hakuna atakayeona vingine. Baba hakubishana. Aliendelea kukata hadi vyumba kumi vikatosha. Nami nilikwisha kuwasomesha watu mara ngapi kwamba Allah anapenda mja anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu! Tuliafikiana jambo moja: paa liwe la kufunguka.

Shuka za vitanda zimetoka kwenye kanzu yangu iliyochakaa, vioo vya madirisha ni plastiki ya pakiti za mashati, na magurudumu manane yalikerezwa na fundi wa sokoni ambaye alikataa malipo alipojua ni kazi ya nani. Yakabaki maandishi. Juu ya madirisha ya behewa halisi jina zima la kampuni kwa Kifaransa limepangwa kwa herufi za shaba, nazo ni 63 kila upande. Baba jicho halimruhusu, mimi mkono unatetemeka. Mke wangu, ambaye hupamba maharusi, alitutazama tukiharibu ubao wa tatu wa majaribio, akajaza rangi nzito ya dhahabu katika pua ya hina, akaziandika zote 126 kwa jioni mbili. Ni sehemu ya behewa ambayo wageni huisifu kwanza, na hilo halijatupendeza sana sisi wanaume wa nyumba.

Kazi ilichukua miezi kumi na mmoja. Si kamilifu. Mlango mmoja wa mwisho haufungi vizuri, na ukipima ujia utakuta ncha moja ni pana kuliko nyingine kwa milimita 3, ukumbusho wa hesabu zangu. Behewa limewekwa sebuleni, mahali pale pale lilipokuwa sanduku. Watoto wa madrasa hupita baada ya vipindi kulifungua paa, na Baba huwaeleza chumba kwa chumba. Watatu kati yao sasa huja Jumamosi na visu vyao.

Wameomba lijalo liwe behewa la reli ya Hijazi, ile iliyojengwa kati ya mwaka 1900 na 1908 kutoka Damascus hadi Madina kwa michango ya Waislamu wa nchi nyingi. Upana wa reli hiyo ni milimita 1,050, yaani karibu 33 kwa kipimo chetu. Baba amekwisha kuchagua mbao, na wiki iliyopita alifanyiwa upasuaji wa jicho, alhamdulillahi. Vyumba safari hii vitapimwa na mwanangu. Mimi nimepewa msasa.