Uchungu wa Hopsi, Uchachu wa Wimbi

Kuonja bia ni kazi tofauti na kuinywa. Mnywaji hutafuta kuburudika au kuketi na wenzake, ilhali muonjaji hutafuta kujua kilichomo ndani ya bilauri, namna kilivyotengenezwa, na iwapo mtengenezaji amelifikia lengo alilojiwekea, kisha ayaeleze hayo kwa maneno ambayo mtu mwingine akiyasoma ataelewa. Kazi hiyo imekua sana katika miongo ya karibuni kwa sababu ya kuenea kwa bia za viwanda vidogo, yaani bia zinazopikwa kwa kiasi kidogo na mafundi wanaojali zaidi upekee wa ladha kuliko wingi wa chupa. Miongoni mwa bia hizo, iliyo ngumu zaidi kuipima kwa haki ni bia kali ya rai yenye hopsi nyingi. Makala haya yanaieleza bia hiyo kwa msomaji wa Magunga, mji mdogo wa Suba Kusini ulio karibu na vilima vya Gwassi katika Kaunti ya Homa Bay, na kwa majirani zake wa Migori, kwa kuwa watu wa eneo hilo wanayo bia yao ya nafaka inayofanana na ile ya rai kwa mambo mengi na kupishana nayo kwa mambo mengine mengi.

Rai ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya karibu ya ngano na shayiri, inayostahimili udongo hafifu na barafu ya Ulaya ya Kaskazini na Mashariki, ambako kwa karne nyingi imesagwa kwa ajili ya mkate mweusi. Nafaka hiyo humsumbua mpishi wa bia. Punje yake haina ganda la nje linalobaki wakati wa kusaga kama lilivyo ganda la shayiri, na ndani yake mna kiasi kikubwa cha beta-glukani, yaani aina ya wanga wenye nyuzi ndefu zinazonata, hivi kwamba maji ya kimea huwa mazito na hukataa kuchujika. Kwa sababu hiyo mafundi wengi huchanganya rai kidogo na shayiri nyingi, na wale wanaothubutu kuizidisha hulazimika kutumia muda mrefu na subira nyingi. Malipo ya taabu hiyo ni ladha ya ukavu, yenye harufu ya mkate mweusi na mguso wa pilipili manga, na bia inayoteleza kinywani.

Msomaji wa Gwassi hahitaji kusafiri ili kuielewa hali hiyo. Wimbi, ambao kwa Kijaluo huitwa kal na ambao hupimwa sokoni kwa gorogoro pamoja na mtama, yaani bel, ni nafaka ya kale ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na nafasi yake katika pombe ya kienyeji inakaribiana na ile ya rai, kwa maana hautoi nguvu tu bali pia tabia. Wimbi huloweshwa, hufunikwa gunia hadi uchipue, huanikwa juani, kisha husagwa uwe kimea. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya, yaani chembechembe zinazouvunja wanga na kuugeuza sukari ambayo hamira itaila na kutoa kileo. Katika busaa inayofahamika kote Magharibi mwa Kenya, unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, hukaangwa juu ya bati hadi uwe na rangi ya kahawia, kisha hutiwa majini pamoja na kimea cha wimbi. Mahindi huleta wanga, na wimbi ndio huufungua.

Kinachoitenganisha kabisa bia ya rai na kong'o, jina la pombe kwa Wajaluo, ni hopsi. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa juu ya kamba au miti mirefu, yenye umbo la koni ndogo za kijani, na mmea huo huhitaji siku ndefu za kiangazi cha kaskazini au kusini ya mbali ili utoe maua vizuri, ndiyo maana barani Afrika hulimwa hasa Afrika Kusini, karibu na mji wa George, wala si kwenye ikweta. Ndani ya ua mna unga wa manjano wenye vitu viwili vinavyofanya kazi tofauti. Cha kwanza ni asidi za alfa, ambazo zikichemshwa kwa muda mrefu hubadilika umbo na kuipa bia uchungu. Cha pili ni mafuta mepesi yenye harufu, ambayo huruka na mvuke yakichemshwa sana, na kwa hiyo mpishi anayetaka harufu hutia hopsi nyingine mwishoni mwa mchemsho au hata baada ya bia kupoa. Hopsi huzuia pia bakteria wengi wanaochachusha, na tabia hiyo ndiyo iliyozifanya zipendwe Ulaya kuliko majani mengine. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu shayiri, hopsi na maji pekee katika bia, na mara nyingi huelezwa kwamba ilikusudia kuziacha ngano na rai kwa waoka mikate. Bia ya rai ya leo yenye hopsi nyingi, ambayo mafundi wa Marekani waliieneza, ni muungano wa nafaka iliyofukuzwa na ua lililopewa heshima.

Bia ya namna hiyo huwa na kileo cha asilimia 5.5 hadi 8, na uchungu wa vipimo 50 hadi 75, ambapo kipimo kimoja ni takriban miligramu moja ya asidi za hopsi zilizobadilika katika lita moja ya bia. Bia nyepesi nyingi za chupa hazivuki 20. Tarakimu hizo zina maana ya kiafya pia. Chupa ya mililita 500 ya bia ya asilimia 4.2 ina takriban mililita 21 za kileo halisi, ilhali kiasi hicho hicho cha bia ya asilimia 8 kina mililita 40, na kwa hiyo muonjaji makini humimina kidogo, huanza na bia dhaifu kabla ya kali, na husafisha kinywa kwa maji na tonge la ugali mtupu, ambao kwa kukosa chumvi na mafuta unaifaa kazi hiyo kuliko vitafunio vyote vya baa.

Bilauri iwe safi isiyo na mabaki ya sabuni wala mafuta, kwa sababu mafuta huua povu, na bia isiwe baridi mno. Bia iliyotoka kwenye barafu huuficha ubora wake na kasoro zake kwa pamoja, kwa kuwa baridi huzuia harufu kupanda na huutia ulimi ganzi. Bia kali ya hopsi hufunguka inapokaribia nyuzi joto 10. Harufu hunuswa kwanza, kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa ile ya mafuta ya hopsi hupotea upesi: maganda ya chungwa, balungi, embe, pashoni au utomvu wa msonobari, kulingana na aina ya hopsi iliyotumika. Baada ya harufu hizo za juu hutafutwa zile za chini, za mkate na viungo, ambazo ni za rai, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba hopsi ndizo bia nzima. Rangi na povu hutazamwa kwa haraka tu. Bia ya rai mara nyingi huwa na ukungu kidogo na povu zito linalodumu, na ukungu huo si uchafu.

Anapopiga funda, muonjaji hulizungusha kinywani kisha hulimeza, kwa sababu uchungu wa hopsi huendelea kukua baada ya kumeza, na harufu hupanda tena puani kutokea kooni. Swali la msingi hapa ni la mizani, wala si wingi wa uchungu. Wapishi wa pwani ya ziwa wanalijua vizuri swali hilo kupitia mboga ya dek, ambayo Kiswahili huiita mgagani: mboga hiyo ni chungu, na dawa yake ni kuilaza katika maziwa hadi uchungu upoe pasipo kufutika, kwa maana dek isiyo na uchungu wowote si dek tena. Katika bia, kazi ya maziwa hufanywa na utamu wa kimea. Bia nzuri ya hopsi huuacha uchungu usimame wima na safi, kisha ukatike. Bia mbaya huuacha ukikwaruza koo kama gome la mti. Rai hulifanya jambo hili kuwa gumu zaidi kwa sababu ukavu wake huuongezea uchungu makali, wakati ule utelezi wa beta-glukani, unaofanana kwa mbali na wa mrenda, huulainisha, na fundi mwenye ujuzi huacha nguvu hizo mbili zivutane bila mojawapo kushinda. Kileo nacho kiwe joto la taratibu kifuani. Kikichoma kama spiriti, bia imechachushwa katika joto la kupita kiasi au haijapewa muda wa kukomaa.

Kasoro zina majina yake, na mkemia Morten Meilgaard alisaidia kuyapanga katika duara la ladha miaka ya 1970 ili waonjaji wa nchi mbalimbali wazungumze lugha moja. Harufu ya siagi au ya tofaa bichi huonyesha kwamba hamira haikumaliza kazi yake. Ladha ya karatasi iliyolowa huonyesha hewa iliyoingia ndani ya chupa, na bia ya hopsi huzeeka upesi kwa njia hiyo, kiasi kwamba iliyosafiri miezi mingi hadi kufika rafuni mwa duka la Kenya inaweza kuwa kivuli cha ilivyokuwa. Harufu ya kicheche hutokana na mwanga wa jua kuzipiga asidi za hopsi, na kwa hiyo chupa ya kahawia ni bora kuliko ya kijani au nyeupe. Uchachu katika bia hii ni kasoro pia, na hapa ndipo hukumu ya bia moja inapokataa kuhamia kwa nyingine.

Katika kong'o na busaa, uchachu ni uti wa mgongo. Bakteria wa maziwa, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi, hufanya kazi bega kwa bega na hamira, na asidi wanayoitoa ndiyo inayoilinda pombe isiyo na hopsi. Kileo cha busaa kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 4 tu. Tofauti inayotafutwa hapa ni kati ya uchachu mtamu wa mtindi, ambao ni dalili ya afya, na uchachu mkali wa siki, ambao ni dalili kwamba pombe imepitwa na wakati wake, na tofauti hiyo inafahamika hata katika nyumba zisizogusa kileo. Nyumba hizo ni nyingi kusini mwa Nyanza, ambako Waadventista Wasabato walianzisha misheni yao huko Gendia mwaka 1906, na ulimi uliolelewa kwa uji wa wimbi uliochachuka tayari una nusu ya elimu inayohitajika.

Chombo cha kunywea nacho hubadilisha kipimo. Oseke ni mrija mrefu wenye kichujio nchani, unaozamishwa ndani ya chungu ambamo maji ya moto huongezwa kadiri wazee wanavyokunywa. Mrija huo huipita pua na macho na kuipeleka pombe moja kwa moja kinywani, ikiwa na joto, na ladha yake hubadilika tangu funda la kwanza hadi la mwisho kwa sababu ya maji yanayoongezwa. Chama cha Marekani cha waamuzi wa bia kiitwacho BJCP, kilichoanzishwa mwaka 1985, hugawa alama 50 hivi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywa 5, na hukumu ya jumla 10. Mnywaji wa oseke angekuwa amepoteza sehemu kubwa ya alama 15 za kwanza kabla hajaanza, ilhali joto, uzito na unga mwembamba wa wimbi unaobaki ulimini, ambavyo kwake ni nusu ya jambo zima, vingegombania alama 5.

Kanuni ya chama hicho chenyewe ni kwamba kila bia ihukumiwe kwa maelezo ya aina yake, na kanuni hiyo ni ya haki. Tatizo ni kwamba mwongozo wake wa mwaka 2021 una maelezo ya bia za rai, na pia ya sahti, pombe ya mashambani ya Finland ambayo mara nyingi hutiwa rai, huwa na ukungu, huharibika upesi na hupikwa nyumbani kama kong'o, lakini hauna maelezo ya busaa wala ya pombe nyingine ya wimbi ya Afrika Mashariki. Sahti haikufika hapo kwa bahati. Wafini waliiandika, wakaitetea, na mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ukaitambua kuwa bidhaa ya jadi yenye jina linalolindwa.

Wanaoijua kong'o vizuri zaidi ni akina mama wanaoipika, ambao hupima ukomavu wa kimea kwa urefu wa chipukizi na ukomavu wa pombe kwa sauti ya mapovu ndani ya chungu, na maarifa yao hayajaandikwa kwa mpango. Vyuo vikuu viwili viko karibu nao, Rongo katika Migori na Tom Mboya katika mji wa Homa Bay. Walimu na wanafunzi wa vyuo hivyo waende Gwassi, Nyatike na Kuria na daftari, wawaulize akina mama hao wanaitaje kila ladha, nzuri na mbaya, kwa Kijaluo, Kisuba na Kikuria, na wayaandike majibu hayo kama walivyoyasikia, kabla ya mtu wa mbali kuja na karatasi yake ya alama 50.